Gesi Haikuwa na Kosa: Uchambuzi wa Kisa cha Friji Iliyoinamia Mbele

Usuli

Friji ya kisa hiki ina milango miwili, friza juu na chumba cha kawaida chini. Ukubwa wake ni lita 340 hivi, umri miaka 6, bawaba ziko kulia. Ni ya nofrosti, yaani huyeyusha barafu yake yenyewe kwa hita: evaporeta, mikunjo ya bomba inayopoza hewa, imefichwa nyuma ya kibao cha plastiki ndani ya friza, na feni ndogo hupuliza hewa baridi humo. Sehemu ya hewa hiyo hushuka chumba cha chini kupitia mfereji, kisha hurudi juu kwenye evaporeta ileile ipoe upya. Mzunguko huo wa kurudi ndio uliobeba kisa kizima. Unyevu wowote unaoingia kwa mlango wa chini huishia kuganda juu, mahali ambapo jicho halifiki.

Kibandiko cha nyuma kinaonyesha gesi ya kupozea ya R600a, gramu 58. Mbele kuna miguu miwili ya kuzungusha. Nyuma kuna magurudumu mawili yasiyorekebishika.

Friji ilifanya kazi bila lalamiko hadi jiko lilipowekwa vigae vipya. Ilitolewa nje, ikalazwa ubavu kwa kama nusu saa ili ipite mlangoni, na kazi ilipokwisha ikarudishwa palepale. Mjenzi aliipa sakafu mpya mteremko mdogo kutoka ukutani kuja katikati ya chumba, ili maji ya kudekia yasituame nyuma ya vyombo. Kwa jiko ni ujenzi mzuri. Kwa friji iliyosimama ukutani maana yake ni kwamba sasa inainamia mbele.

Majina, mahali na chapa ya friji vimeondolewa.

Mambo yalivyofuatana

Siku ya kwanza friji ilitikisika na kutoa mlio wa kugongagonga kila kompresa, pampu inayosukuma gesi, ilipowaka na kuzima. Mguu wa mbele kulia haukugusa sakafu sawasawa. Mwenye nyumba alikunja kipande cha katoni, akakisukuma chini ya mguu ule, na mlio ukakoma. Kwa wote nyumbani, suala la usawa liliishia hapo.

Wiki ya pili mlango wa chini ukaanza kuhitaji msukumo. Zamani ukiuachia unajifunga. Sasa unasimama ukiwa umebakiza mwanya wa milimita chache, na asiyeangalia anaondoka akidhani ameufunga. Mwanya ulikuwa mdogo kiasi kwamba swichi ya mlango ilikuwa imeshabonyezwa, kwa hiyo taa ya ndani ilizimika na kengele ya mlango haikulia. Ndiyo sababu hakuna aliyeshtuka.

Wiki ya tatu maji yalianza kutuama chini ya droo za mboga, na sakafu ya friza ikaota tabaka jembamba la barafu. Kukawa na sauti ya kukwaruza kutoka nyuma ya friza, kama kadi inayogusa mapanga ya feni. Siku mbili tatu baadaye sauti ikakoma yenyewe. Ilipokelewa kama habari njema. Ukweli ni kwamba barafu ilikuwa imeishika feni, na feni haizunguki tena.

Kuanzia hapo chumba cha chini kikapoteza baridi upesi. Maziwa yaliharibika kwa siku moja. Friza iliendelea kugandisha vilivyo karibu na ukuta wa nyuma, huku vya mlangoni vikilainika. Kompresa haikupumzika, usiku na mchana.

Maamuzi na sababu zake

*Kupandisha kitufe hadi mwisho.* Mwenye nyumba aliona joto limepanda, akaomba baridi zaidi. Ni hatua ya kawaida, na hapa haikuwa na faida yoyote. Baridi ilikuwepo tele juu, ila njia ya kuishusha ilikuwa imezibwa. Kompresa iliendelea kuunguruma na evaporeta ikazidi kukusanya barafu.

*Kuongeza gesi.* Fundi wa kwanza aliikuta kompresa ya moto, haizimi, na chini hakuna baridi. Akasema gesi imepungua, akapendekeza kutoboa bomba la kujazia na kuongeza. Hakufungua kibao cha friza. Mwenye nyumba alimwomba asubiri, kwa hoja moja iliyokuwa nzito kuliko alivyojua mwenyewe: kama gesi imekwisha, mbona nyuma ya friza bado panaganda?

*Kupima kwanza.* Fundi wa pili alianza na vitu visivyohitaji kuchomoa hata skrubu. Kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya kati, kilikuwa kimewekwa tangu jioni iliyotangulia kwa maelekezo yake: nyuzi 12. Katikati ya vifurushi vya friza: nyuzi -13. Glasi ya maji ina sababu yake. Hewa hubadilika joto kila mlango unapofunguliwa, na kipimo cha hewa kinaweza kumdanganya hata fundi mzoefu. Maji hutoa wastani wa saa kadhaa.

Kisha akaweka pima maji juu ya friji. Kutoka nyuma kuja mbele, ilikuwa imeinama milimita 4 katika kina cha milimita 600. Kutoka kushoto kwenda kulia, ukingo wa mbele ulikuwa umelala milimita 5 upande wa kulia, lakini ukingo wa nyuma milimita 2 tu. Tofauti kati ya 5 na 2 ndiyo habari yenyewe hapo. Kabati lililoinama tu lingesoma namba moja mbele na nyuma. Likisoma namba mbili, limejipinda, na likijipinda fremu ya mlango nayo inapinda kidogo. Katoni ilikuwa imenyonya maji ya kudekia na kubonyea, mguu wa kulia ukabaki ukining'inia nusu.

Kipande cha karatasi kilibanwa kati ya raba ya mlango na fremu, mlango ukafungwa, karatasi ikavutwa. Kuzunguka mlango wote ilishikwa, isipokuwa kona ya chini upande wa kishikio, kama sentimita 15, ambako ilitoka bila ubishi. Tochi iliyowashwa ndani, taa za jiko zikiwa zimezimwa, ilionyesha uzi wa mwanga mahali palepale.

*Kufungua kibao bila kuyeyusha kwanza.* Huu ndio uamuzi uliomaliza ubishi wa gesi. Friji ilichomolewa kwenye soketi, kibao cha nyuma ya friza kikatolewa polepole kwa sababu kilikuwa kimeshikwa na barafu. Evaporeta yote, kutoka kona hadi kona, ilikuwa imefunikwa barafu nyeupe yenye unene wa karibu sentimita 2, na mapanga ya feni yalikuwa yamezama humo.

Gesi ikipungua, sura huwa nyingine kabisa. Gesi chache hutosha kupoza mikunjo ya mwanzo tu ya bomba, pale inapoingia kutoka kwenye kapilari, yaani bomba jembamba la kuleta gesi, na mikunjo inayobaki hukaa mikavu au na umande. Barafu iliyotanda sawasawa inasema gesi inafika kila mahali. Tatizo ni unyevu mwingi kuliko mfumo unavyoweza kuyeyusha, au mfumo wa kuyeyusha wenyewe haufanyi kazi.

*Kupima umeme kabla ya barafu kuyeyuka.* Yabaki mawili hayo, na ilibidi yatenganishwe. Fundi alipima ukinzani wa hita ya kuyeyushia kwa multimita: omu 347. Hita ya wati 150 kwa volti 230 inapaswa kuwa karibu omu 353, kwa hiyo ni nzima. Thamofyuzi, fyuzi inayokatika joto likizidi, ilipitisha umeme. Bimetali, swichi ya hita inayofuata joto la evaporeta, nayo ilipitisha. Hapa mpangilio wa kazi ni muhimu sana, kwa sababu bimetali hupitisha umeme ikiwa baridi tu, kwa aina nyingi nyuzi chache chini ya sifuri, na hukata evaporeta inapofika karibu nyuzi 10. Anayeyeyusha kwanza kisha akapima atakuta imekata, ataihukumu kuwa mbovu, atanunua nyingine. Bimetali nzima nyingi zimetupwa kwa namna hiyo.

Hita, fyuzi na bimetali vyote ni vizima, na mlango unavuja. Njia ikawa moja.

*Kuyeyusha kikamilifu.* Friji ilikaa imezimwa saa 20, milango wazi, taulo chini, na sufuria ya maji ya moto ikibadilishwa ndani ya friza juu ya kitambaa kilichokunjwa. Kisu na bisibisi havikukaribishwa: bomba la evaporeta ni alumini laini, na tundu moja hapo hugeuza tatizo la mlango kuwa tatizo la gesi la kweli. Vya friza vilihamishiwa kwenye kisanduku chenye barafu. Nyama na maziwa vilivyokuwa chumba cha chini vilitupwa, kwa kuwa nyuzi 12 kwa siku kadhaa si kitu cha kubahatisha.

Tundu la kutolea maji chini ya evaporeta lilikuwa limeziba kwa barafu. Fundi alilizibua kwa bomba la sindano na maji vuguvugu hadi akasikia maji yakidondoka kwenye trei iliyo juu ya kompresa. Akaridhika. Hapo ndipo alipokosea, kama itakavyoonekana.

*Kusawazisha, lakini kwa kuinamisha nyuma.* Katoni ilitupwa. Hesabu ilionyesha kwamba mguu wa kushoto ulihitaji kupanda milimita 10 (4 za kuondoa mwinamo wa mbele na 6 za kuinamisha nyuma), na wa kulia kama 18 ukijumlisha zile 5 za upande wa kulia na unene wa katoni. Mguu wa kulia ulikuwa na nafasi ya uzi ya milimita 15 hivi, na mguu uliotolewa hadi mwisho hulegea na kutikisika. Ukawekwa ubao mgumu wa plaiwudi wa milimita 9 chini ya kila mguu wa mbele, miguu yote miwili, ili usiwepo upande unaotegemea ubao na mwingine unaotegemea kigae. Kilichobaki kikamalizwa kwa kuzungusha: mguu wa M10 hupanda milimita 1.5 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kulia mizunguko sita, kushoto chini ya mmoja.

Utaratibu wenyewe ulikuwa huu:

1. Rudisha vyakula na chupa kwenye rafu na mlangoni kabla ya kusawazisha. Mlango uliojaa chupa huvuta kabati mbele.
2. Msaidizi asukume sehemu ya juu ya friji nyuma kidogo ili mzigo uondoke kwenye miguu ya mbele. Mguu unaozungushwa chini ya mzigo wote huharibu uzi wake.
3. Ukiwa umeikabili friji, sukuma ukingo wa mbele wa mguu kuelekea kushoto ili urefuke, kulia ili ufupike.
4. Panga kushoto na kulia kwanza, ukisoma pima maji mbele na nyuma ya kabati. Masomo mawili yakilingana, kabati halijapinda.
5. Kisha inua miguu yote miwili kwa kiasi kilekile hadi mbele iwe juu kwa milimita 6 hivi.
6. Fungua mlango nusu, uuachie. Ujifunge wenyewe taratibu bila kubamiza.

Hatua ya tano ndiyo inayowachanganya wengi. Kipovu cha pima maji kikikaa katikati kabisa pande zote, mtu hujiona amefanya kazi safi, kumbe mlango hauna cha kuurudisha. Upana unahitaji usawa kamili. Kina kinahitaji mwinuko mdogo wa mbele.

*Raba.* Haikubadilishwa. Iliondolewa uchafu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kona iliyojikunja ikapashwa kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, ikanyooshwa, na mlango ukafungwa kwa utepe usiku kucha. Raba iliyokunjamana kwa wiki chache hurudi. Iliyopasuka au iliyokauka hairudi.

Matokeo

Friji iliwashwa kitufe kikiwa katikati. Baada ya saa 24, glasi ya maji ilisoma nyuzi 4 na friza -18, viwango vinavyotakiwa. Kompresa ikaanza kupumzika. Karatasi ilishikwa pande zote nne.

Siku ya kumi maji yakaonekana tena chini ya droo za mboga, safari hii kidogo, kama vijiko viwili. Baridi ilikuwa nzuri na mlango ulifunga vizuri. Fundi aliporudi alimimina mililita 250 za maji vuguvugu kwenye tundu la juu na kungoja. Trei ya nyuma ilipata matone tu, na maji mengine yakapanda juu. Ncha ya chini ya mrija, yenye kidomo cha raba kinachozuia hewa ya joto kupanda, ilikuwa imejaa utando mzito wa uchafu. Kidomo kilitolewa kwa nyuma, kikaoshwa, kikarudishwa. Maji mililita 250 yakapita chini ya dakika moja. Miezi minne baadaye hapakuwa na maji wala barafu iliyozidi.

Uchambuzi

Mnyororo wenyewe uko wazi ukiutazama kutoka nyuma. Friji iliinamia mbele, na tena upande wa kulia wenye bawaba. Vyote viwili huuvuta mlango ufunguke: mlango uliofungwa umelala kushoto kwa bawaba, kwa hiyo kabati likishuka kulia, uzito wa mlango unatafuta kwenda kulia, yaani kufunguka. Laiti kabati lingeshuka kushoto kwa milimita zilezile, huenda mlango ungeendelea kujifunga na kisa kisingekuwepo. Mwanya ukaingiza hewa yenye unyevu, hewa ikapanda, ikaganda. Hita huwashwa kwa vipindi na kwa muda maalumu. Haijui kwamba safari hii kuna barafu mara tatu ya kawaida. Ikayeyusha nusu, maji yakaganda upya kwenye tundu, yakafurika sakafu ya friza na kudondoka chini kupitia njia ya hewa.

Katoni ilikuwa kosa la kwanza, na ni kosa linaloonekana kama suluhisho kwa sababu liliondoa dalili moja, mlio, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa ikielekeza kwenye miguu. Chochote kinachobonyea au kunyonya maji hakifai chini ya mguu wa friji.

Kuhusu fundi wa kwanza, dalili alizoziona ni zilezile za gesi kupungua, kwa hiyo dhana yake haikuwa ya kipuuzi. Kasoro ni kwamba alitaka kuitibu kabla ya kuithibitisha, ilhali uthibitisho ulikuwa nyuma ya kibao cha skrubu chache. Na R600a haisamehe. Friji ikiwa inafanya kazi, upande wa chini wa mfumo huwa na shinikizo dogo kuliko la hewa ya nje. Fundi aliyezoea R134a, gesi nyingine ya friji, anaweza kusoma geji iliyoshuka chini ya sifuri akaona ni ushahidi wa upungufu, kumbe ni hali ya kawaida ya gesi hiyo. Kwa gramu 58, nyongeza ya kukisia tu inaweza kuharibu utendaji, na gesi yenyewe inawaka moto. Inapobidi kujazwa, mfumo hutolewa hewa kwa pampu na gesi hupimwa kwa mizani, na anayefanya hivyo awe amefunzwa kushughulika na gesi zinazowaka.

Kulikuwa na swali kama kulazwa ubavu ndiko kulikoiumiza. Haielekei. Friji ilisimama saa mbili kabla ya kuwashwa, muda mrefu kuliko ule iliolala, ingawa watengenezaji wengi hutaka saa nne au zaidi. Mafuta ya kompresa yangekuwa yamepotea njia, shida ingejitokeza siku ileile ya kuwashwa. Haingengoja wiki tatu.

Kilichofanya kazi zaidi ni mpangilio: joto, usawa, karatasi, sura ya barafu, umeme wakati wa baridi, ndipo kuyeyusha. Kuyeyusha hufuta ushahidi wote kwa mkupuo. Mwenye friji anayeiyeyusha kabla fundi hajafika humkabidhi friji inayopoza vizuri na haina cha kusema, kisha baada ya wiki mbili wanarudi walipokuwa.

Tundu la maji lilitibiwa nusu. Kusikia maji yakidondoka kunathibitisha kwamba tundu halijaziba kabisa, basi. Kipimo cha kweli ni kiasi kinachojulikana kiingie juu na kitoke chini ndani ya muda unaojulikana, trei ikiwa mbele ya macho. Kingefanyika siku ya kwanza, safari ya pili isingehitajika.

Liko jambo moja ambalo kisa hiki hakikuligusa kwa sababu vipimo vilikuwa vizuri. Kama mlango unashika karatasi pande zote, kabati limesawazishwa, maji yanapita, na bado evaporeta inatanda barafu nzito ndani ya wiki moja, basi hita haipati umeme kwa wakati wake. Hapo pa kutazama ni taima au bodi ya umeme, na sensa ya evaporeta inayoiambia bodi lini ianze na lini iache.